Mwisho Unaojulikana: Je, Wahakiki Waliitendea Haki Underworld: Rise of the Lycans?

Tarehe 22 Januari 2009 yalitangazwa majina ya filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo za Oscar, na Frost/Nixon, ambamo Michael Sheen aliigiza kama mtangazaji David Frost, ilikuwa miongoni mwa tano zilizowania tuzo ya filamu bora. Siku iliyofuata, katika kumbi za sinema za Marekani, Sheen huyohuyo alionekana kifua wazi, nywele ndefu zimemganda usoni, kongwa la chuma shingoni, akinguruma gizani. Filamu hiyo ya pili ilikuwa Underworld: Rise of the Lycans, ya tatu katika mfululizo wa vita vya vampaya na watu-mbwamwitu ulioanza mwaka 2003, na wahakiki walio wengi waliipokea kwa uso uliokunjamana.

Sikusudii hapa kuipandisha filamu hiyo daraja isilostahili. Ina kasoro za wazi, na mojawapo nitaisema kwa ukali kuliko ilivyosemwa wakati ule. Ninachotaka kupima hasa ni shtaka moja lililojirudia kuliko mengine: kwamba filamu haikuwa na sababu ya kuwepo, kwa kuwa kila aliyeiona ile ya kwanza alikwisha kujua nani atakufa, atakufaje, na kwa amri ya nani. Naona shtaka hilo lilielekezwa pasipo pake, na wakati wahakiki wakilishughulikia, kosa halisi la filamu likapita pembeni bila kuguswa.

Kwa asiyeujua mfululizo, kisa ni hiki. Filamu ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Len Wiseman na kumpa Kate Beckinsale nafasi ya Selene, vampaya mwenye kazi ya kuwawinda watu-mbwamwitu waitwao Lycan, ilituonyesha vita vilivyokwisha kudumu kwa karne nyingi, kisha ikafichua kwamba chanzo chake ni mauaji ya ndani ya nyumba moja. Viktor, mkuu wa vampaya, alimwua binti yake mwenyewe kwa sababu alibeba mimba ya mtumwa. Ufichuzi huo ulipita haraka, kwa kumbukumbu zilizokatwakatwa: mwanamke katika minyororo, mwanga wa jua, mwanamume anayelazimishwa kutazama. Rise of the Lycans ni filamu tangulizi, yaani ilitoka baadaye ili isimulie yaliyotokea kabla, na kazi yake yote ni kuzinyoosha dakika hizo chache ziwe 92.

Tunapelekwa basi Ulaya ya zama za kati. Lucian, anayeigizwa na Sheen, amezaliwa ndani ya seli na mama aliyekwisha kugeuka mnyama asiyeweza kurudi kuwa mtu. Yeye ndiye wa kwanza wa aina yake kuweza kuwa mtu na mnyama kwa zamu. Viktor, anayeigizwa na Bill Nighy, anamwacha hai, anamkuza, anamfanya mhunzi wa ngome, na kutokana na damu yake anazalisha kizazi cha watumwa wa kulinda ngome mchana, saa ambazo vampaya hawathubutu kutoka. Lucian na Sonja, binti wa Viktor anayeigizwa na Rhona Mitra, wanapendana kwa siri. Siri inapofichuka Lucian anatoroka, anarudi kumwokoa mpenzi wake, wanakamatwa, Sonja anauawa, na watumwa wanaasi.

Neno vampaya linadai maelezo kidogo, maana Kiswahili kina jirani yake. Mumiani wa masimulizi ya Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni hana meno marefu wala hafufuki kaburini. Ni mtu wa kawaida, mara nyingi mwenye ajira na mabwana nyuma yake, anayetoa damu ya wanyonge ili wakubwa wapate dawa au utajiri. Kwa meno Viktor ni vampaya, ila kwa tabia namwona karibu zaidi na mumiani: ni nadra kumwona akinywa damu kwa njaa, na kinachomweka mjini ni ulinzi wa watumwa wake pamoja na madini ya fedha anayowatoza makabaila wa kibinadamu wanaoishi chini ya himaya yake. Malalamiko kwamba vampaya wa mfululizo huu hawana kiu, na kwa hiyo hawatishi, ni ya kweli kwa kiasi fulani, lakini aliyeyatoa alitazama meno akasahau kutazama daftari la hesabu.

Kabla ya hoja, tarakimu. Katika Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki, filamu hii ina takriban asilimia 29, na mara nyingi tarakimu hiyo hutajwa kana kwamba ni maksi za mtihani. Sivyo inavyofanya kazi. Asilimia hiyo inasema kwamba kati ya kila wahakiki kumi, kama watatu hivi walielekea kuipendekeza. Haisemi saba waliobaki waliichukia kiasi gani, kwa kuwa mhakiki aliyeiona ya kadiri tu huhesabiwa kapu moja na yule aliyetamani kurudishiwa kiingilio chake. Metacritic, ambayo hukusanya alama na kutafuta wastani wake, iliipa 44 kati ya 100, na hiyo ni alama ya mapokezi mchanganyiko. Tofauti ya vipimo hivi viwili inaonyesha kwamba wahakiki wengi hawakuwa na hasira nayo. Waliitazama, wakapandisha mabega, wakaenda zao. Tena ilikaribia sana filamu ya kwanza, yenye asilimia kama 31, na kuiacha mbali ya pili ya mwaka 2006, Underworld: Evolution, iliyoishia kwenye 17 hivi. Hakuna hata moja kati ya filamu tano za mfululizo huu iliyofika theluthi. Kwa hiyo anayesema Rise of the Lycans ilianguka anapaswa kwanza aeleze ilianguka kutoka wapi.

Turudi kwenye shtaka lenyewe, na tuliweke kwa nguvu zake zote kabla ya kulijibu. Filamu ya mapigano huishi kwa mashaka: mtazamaji anabana pumzi kwa sababu hajui upanga utamwangukia nani. Katika filamu hii anajua. Viktor hawezi kufa, kwa kuwa karne nyingi baadaye atakuja kukutana na Selene. Lucian hawezi kufa, maana ndiye anayeongoza upande wa pili wa vita vya mwaka 2003. Raze, mtumwa mwenye sauti ya ngurumo anayekuwa mkono wa kuume wa Lucian, hawezi, na Tannis, mwandishi wa kumbukumbu wa ngome, naye hawezi, kwa kuwa tumekwisha kumwona katika filamu ya pili. Sonja hawezi kupona. Kati ya watu watano wanaobeba kisa, wanne wana hakika ya kuishi na mmoja ana hakika ya kufa. Kila upanga unaoinuliwa juu ya mmoja wa wale wanne ni upanga wa ngoma, unang'aa lakini haukati. Kuna na jambo la pili ambalo watetezi wa filamu hupenda kuliruka: ufichuzi kuhusu Lucian ndio uliokuwa karata nzuri kuliko zote za filamu ya kwanza, kwa kuwa mtu tuliyedhani ni adui alitokea kuwa mwenye haki ya kulia. Anayeanza na filamu hii ya tatu, kwa kufuata mpangilio wa miaka ya kisa, anaipoteza karata hiyo kabla haijachezwa.

Hoja hizo nazikubali. Nisichokubali ni hitimisho lake, kwamba kisa ambacho mwisho wake unajulikana hakina cha kumpa mtazamaji. Fikiria kisa cha Fumo Liyongo. Kila aliyekulia karibu na masimulizi hayo anajua kwamba shujaa atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, tena na mwanawe wa kumzaa, na kwamba maiti yake itakutwa imepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakiogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Sijapata kusikia msikilizaji akimkatiza msimulizi kwa kumwambia, "Hiyo naijua." Anachokisubiri ni namna: mtoto anavyozunguka na swali lake, baba anavyohisi ametumwa na bado anamjibu. Kujua kwamba sindano itaingia hakuiondoi taharuki, bali kunaihamishia kwenye kila neno linalosemwa kabla ya sindano. Swali la nani atashinda linakwisha, na mahali pake linakaa swali zito zaidi: waliwezaje kufika hapa, watu waliokuwa wakila sahani moja?

Kisa cha Viktor na Sonja ni cha ukoo huohuo, kimegeuzwa tu: huku mzazi ndiye anayemtoa mtoto. Na pale filamu inapokubali kuwa kisa cha aina hiyo, inafanya kazi vizuri kuliko wahakiki wengi walivyokiri. Yupo Viktor, ambaye tayari anamshuku binti yake, anayemshika na kumwuma. Hamwumi kwa kiu. Katika ulimwengu wa mfululizo huu damu hubeba kumbukumbu, na anachokitafuta shingoni mwa mwanawe ni ushahidi. Baba anausoma usiri wa binti yake kama anayefungua barua isiyo yake, na uso wa Nighy anapoinuka hauna ghadhabu kwanza. Una kichefuchefu cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Kisha lipo tukio la kifo. Viktor amekwisha kutoa hukumu mbele ya baraza, asije akaonekana anampendelea wa kwake. Sonja amefungwa katika chumba chenye tundu juu, Lucian amefungwa mahali ambapo hana budi kumwona. Tundu linafunguliwa na mwanga wa jua unashuka. Katika filamu iliyojaa usiku, mwanga huu ndio silaha, na mwongozaji hana haraka nao. Wapenzi wawili wanatazamana muda ambao mhariri wa filamu hii hajatoa kwa tukio lolote jingine. Sisi tuliokwisha kuliona tukio hili kwa vipande mwaka 2003 tunajua jua litafanya nini, na ndiyo maana kuchelewa kwake kunauma. Usiku Viktor anarudi kuokota kidani cha binti yake. Mtu aliyetoa amri amekuja kuchukua kumbukumbu, na hilo halihitaji maneno. Kwa bahati hakuna aliyemwandikia mengi.

Hapa ndipo ninapoiona filamu ikijikosesha yenyewe, na hapa ndipo ningetaka wahakiki wangegonga. Ikiwa mwisho unajulikana, basi thamani yote imo katika yaliyotangulia, na filamu tangulizi ingepaswa kuwa na uroho wa yaliyotangulia. Hii haina. Tunamwona Lucian akiwa kichanga mikononi mwa Viktor, tunamwona mtoto, mara tunaruka hadi mtu mzima aliyekwisha kumpenda Sonja na kupendwa naye. Hatujui walianzaje, nani alimtazama mwenzake kwanza, ilikuwaje binti wa bwana na mhunzi wa shingo yenye kongwa wakawahi kubaki peke yao mahali pamoja. Hatuoni meza moja ambayo Viktor anakula na binti yake akiwa na furaha naye, ingawa filamu nzima inategemea tuamini kwamba alimpenda. Hata ile hisia ngumu kuliko zote, kwamba Viktor anamthamini Lucian karibu na mtoto wa kiume, imebebwa na macho ya Nighy tu, kwa kuwa mswada haukuipa mandhari ya kutosha. Ni filamu tangulizi iliyoanza ikiwa imechelewa. Muda ulioopolewa huko umemwagwa kwenye vita vya mwisho vya ngome, yaani mahali palepale ambapo kujua mwisho kunaua taharuki kikwelikweli. Wahakiki walilalamika kwamba matokeo yalijulikana. Wangelalamika kwamba filamu ilitumia bajeti yake kwenye matokeo na kuyabania machozi.

Shtaka la pili ni la picha, na hapo sina utetezi mrefu. Patrick Tatopoulos alikuwa akiongoza filamu kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kubuni maumbile ya viumbe, wakiwemo wale wa filamu mbili zilizotangulia za mfululizo huu na zimwi la Godzilla ya mwaka 1998. Mkono wa mbunifu unaonekana: watu-mbwamwitu wake wana uzito, wanakanyaga ardhi, manyoya yao yameloa, na pale waigizaji waliovaa mavazi ya viumbe walipotumika badala ya michoro ya kompyuta, jicho linatambua tofauti. Lakini mtu aliyefanya kazi hiyo yote kisha akaifunika kwa bluu iliyokolea kiasi hiki anashangaza. Rangi hiyo ni sare ya mfululizo tangu Wiseman, na katika filamu ya kwanza, yenye mitaa ya jiji, taa na mvua, ilikuwa na pa kuakisi. Katika ngome ya mawe iliyozungukwa na msitu haina. Niliitazama mara ya pili kwenye kompyuta ndogo mchana, pazia likiwa wazi, na katika vita vya mwisho nilichokiona kwa uhakika zaidi kwenye kioo kilikuwa paji langu la uso. Ongezea uhariri unaokata kabla pigo halijafika, na tayari hujui mkono uliokatika ni wa nani. Wapo wanaosema filamu ilipigwa kwa ajili ya ukumbi wenye giza, na wana haki. Hata hivyo wahakiki wa mwaka 2009 waliiona ukumbini, na walilalamika vilevile.

Shtaka la tatu ni zito kuliko yote mawili, ingawa lilipewa nafasi ndogo zaidi: kwamba filamu inauvaa utumwa kama joho la sherehe. Wahakiki wengi waliona wepesi wa kulinganisha mapenzi ya Sonja na Lucian na yale ya Romeo na Juliet wa Shakespeare, na ulinganisho huo si mbaya, lakini unaficha jambo. Koo mbili za Verona zilikuwa sawa kwa hadhi. Huku mmoja ni mali ya baba wa mwenzake. Kongwa la Lycan ni kitu kilichobuniwa kwa fikra: ni la chuma, na ndani yake lina miiba ya fedha, madini yanayowaua Lycan, iliyoelekezwa shingoni. Anayejaribu kugeuka mnyama shingo yake inapanuka na kujichoma yenyewe. Hakuna haja ya mlinzi. Nguvu ya mtumwa ndiyo inayomlinda asiitumie. Lucian, ambaye ni mhunzi, anajichongea kwa siri ufunguo wa kongwa lake, na anapoutumia kwa mara ya kwanza mbele ya watu hautumii kutorokea. Anautumia ili ageuke na kumwokoa binti wa bwana wake aliyezingirwa na mbwamwitu wa porini. Kwa hilo anachapwa mijeledi. Sijui filamu nyingi za burudani za Januari zenye wazo lililokaa vizuri hivyo juu ya mtu kuadhibiwa kwa kosa la kuwa na nguvu bila ruhusa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba wazo hili halikutoka hewani. Kevin Grevioux, Mmarekani Mweusi anayeigiza kama Raze, ni mmoja wa walioubuni mfululizo huu tangu mwanzo, na amewahi kueleza kwamba mapenzi yaliyokatazwa kati ya vampaya na Lycan yalichota kwa sehemu kutoka katika mahusiano ya watu wa rangi tofauti na yanavyopokewa katika jamii. Ukilijua hilo, kumwona akifikishwa ngomeni katika minyororo kuna uzito ambao picha yenyewe haiutangazi.

Upande wa pili wa mizani, hata hivyo, hauko mtupu. Wazo likiwa zuri kiasi hicho, filamu inalitumia kidogo mno. Viktor anamlazimisha Lucian awaume mateka wa kibinadamu ili wageuke Lycan na kuongeza idadi ya watumwa. Maana yake mtumwa wa kwanza amefanywa kuwa mtengenezaji wa watumwa wengine, na baadhi ya hao ndio watakaomfuata katika uasi. Jambo hilo lingetosha kuwa kiini cha filamu nzima. Wangemwuliza nini usiku, katika seli? Angewajibu nini? Filamu haiulizi. Inampa Lucian hotuba za kuhamasisha, waasi wanapiga kelele za kukubali, tunaendelea. Watumwa wengine wote, ukimtoa Raze, hawana majina tunayoyakumbuka wala sababu zao wenyewe za kutaka uhuru. Wanaasi kwa sababu mpenzi wa kiongozi wao ameuawa. Mhakiki aliyesema kwamba siasa ya filamu ni ya juujuu alikuwa sahihi, ila ningempendekezea alitenganishe wazo na utekelezaji wake, kwa sababu wazo halikuwa la juujuu hata kidogo.

Kuhusu uigizaji wahakiki walikaribiana zaidi kuliko penginepo, na hata waliomaliza kwa hukumu mbaya walimtenga Sheen na Nighy. Tofauti yao ilikuwa katika tafsiri: kwa baadhi, waigizaji wa jukwaa la Uingereza kuwekwa katika kisa cha mbwamwitu kulikuwa kichekesho na upotevu, kwa wengine, ndiyo sababu pekee ya kukaa kitini. Mimi niko na hao wa pili, na sababu yangu ni kwamba wote wawili hawaidharau kazi. Nighy anayavuta maneno yake, anaacha ukimya katikati ya sentensi mpaka msikilizaji aanze kuogopa neno litakalofuata, na mtu anayecheza hivyo anaweza kuvuka mstari wa kejeli kwa urahisi. Mara moja au mbili amevuka. Sheen hacheki hata mara moja na kisa chake. Anampenda Sonja, anamchukia Viktor, na kuna nyakati anamtazama Viktor kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Hili la mwisho halimo katika maneno aliyoandikiwa.

Rhona Mitra alitendewa vibaya zaidi. Alionekana na wengi kama kiraka cha Kate Beckinsale, mwanamke wa kufanana naye aliyewekwa pengo lisionekane. Kibiashara hilo linawezekana kabisa. Lakini katika kisa chenyewe kufanana huko ni lazima: filamu ya kwanza ilieleza kwamba Viktor alipoiangamiza familia ya Selene alimwacha msichana huyo hai kwa kuwa alimkumbusha binti yake. Sonja asingefanana na Selene, kisa kingekuwa na tundu. Anayemhukumu Mitra amhukumu kwa alichokifanya na nafasi yake, na alichokifanya si haba: Sonja wake ni askari kwanza, tena ndiye anayemnunua Tannis kwa kumwachia kiti chake katika baraza ili Lucian apate kutoroka. Ni mwanasiasa mzuri kuliko mpenzi wake.

Kwa fedha, maelezo mafupi yanatosha. Filamu iligharimu takriban dola milioni 35, chini ya milioni 50 zilizotumika kwa ile ya pili, na ilikusanya kama milioni 91 duniani kote. Wikendi yake ya kwanza Marekani ilileta milioni 20.8 kati ya jumla ya 45.8 iliyopata huko, yaani karibu nusu, na wapo wanaolitumia hilo kama ushahidi kwamba watazamaji walinong'onezana isitazamwe. Ila mbili za kwanza zilikuwa na mwenendo uleule, kila moja ikipata zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake ya Marekani katika siku tatu za mwanzo. Huu ni mfululizo wenye wafuasi wake. Wanakuja mapema, wanamaliza, wanaondoka. Wahakiki hawakuwafukuza, wala hawakuwaongezea mtu. Na ikumbukwe kwamba ilitoka miezi miwili tu baada ya Twilight kuwajaza mabinti kumbini kwa vampaya mpole anayeng'aa juani. Mtu aliyetaka kumwona vampaya akiungua alikuwa na pa kwenda.

Limebaki jambo moja dogo ambalo kwangu linaeleza zaidi ya asilimia zote. Uasi umekwisha, Viktor ametiwa upanga kinywani na ameokolewa kwa siri, Lucian anamwambia Raze kwamba hiki ni chanzo tu. Hapo kisa kimefika mahali pake. Lakini filamu haithubutu kunyamaza: inaruka hadi zama zetu, inatuletea picha za Selene kutoka filamu ya kwanza, na sauti inayomweleza kwamba ni Viktor, wala si Lycan, aliyeiangamiza familia yake. Sonja amekwisha kuwa majivu kwa nusu saa hivi, na neno la mwisho amepewa mwanamke mwingine aliyefanana naye. Watengenezaji walikuwa na kisa chenye miguu yake miwili, wakakipa mkongojo mlangoni.